Jinsi nilivyomtoa ndege wangu jangwani

Acrocephalus paludicola ni ndege mwimbaji wa gramu 12 hivi. Huzaliana kwenye mabwawa ya nyasi kama Biebrza, Polandi, kisha huhamia Afrika Magharibi. Mwili huo hauwezi kubeba kifaa kizito, kwa hiyo tunamvika kihisi mwanga cha takriban nusu gramu. Hurekodi saa za kucha na kuchwa: urefu wa siku huonyesha latitudo (umbali kutoka ikweta), na saa ya adhuhuri huonyesha longitudo (mashariki au magharibi). Data husomwa ukimkamata tena mwaka unaofuata, na wengi hawaonekani tena. Nilipomshika huyu, moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu na kifaa kikiwa bado mgongoni, nilitetemeka.

Ramani ikamweka katikati ya Sahara mwezi Desemba. Ndege wa maji!

Kosa lilikuwa kivuli. Anaishi chini kabisa kwenye nyasi, hivyo kihisi huona kumekucha kwa kuchelewa na giza mapema. Siku ikionekana fupi, Desemba, hesabu humsogeza kaskazini. Mimi nilikuwa nimepima kihisi juu ya paa, mahali peupe. Nikakokotoa upya pembe ya jua, yaani kimo cha jua pale kihisi kinapohesabu kumekucha au kumekuchwa, kwa siku ambazo ndege mwenyewe alikuwa bado Biebrza. Latitudo za karibu na Septemba 22 nilizifuta, kwani usiku na mchana hulingana kila mahali, longitudo nikazibakiza.

Alama ya Desemba ikashuka hadi bonde la Mto Senegal.