Chipu nane za Joyce

Jana mtoto wa dada kanitumia meseji: "Mama mdogo, laptop yangu imekuwa nzito sana, niongeze RAM au nivumilie tu mpaka nipate nyingine?" Nikaanza kumjibu kama mtu mzima, nikaishia kuweka simu chini nacheka peke yangu, maana swali hilohilo liliwahi kukalisha watu kibarazani kwetu Chikongola wakabishana mpaka chai ikapoa. Kisa Joyce.

Joyce mnamjua, ile kompyuta aliyotuachia bruda Mjerumani alipokuwa anarudi kwao. Waingereza waliitoa mwaka 1985 kwa jina la Amstrad PCW 8256, Ujerumani ikauzwa kama Schneider Joyce. Kioo cha kijani, bodi yote imo humohumo ndani ya kioo, printa nayo inakula umeme kutoka kwenye kioo hichohicho. Disketi zake ni za inchi 3, siyo zile za tatu na nusu mlizozoea, ganda gumu, upande mmoja ukijaa unageuza kama kaseti. Mpya Mtwara nzima huipati, na Dar ukiulizia wanakushangaa.

Lakini ilinilisha bwana. Barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya chama cha msingi, kadi za michango ya harusi, na mitihani ya majaribio ya darasa la saba, hiyo mitihani ndo ilikuwa mboga yenyewe. Shida ilikuwa memori, yaani hiyo RAM. Ilikuwa na kilobaiti 256, mashine inachukua zake kwanza, kinachobaki, 112, inakigeuza kuwa disketi isiyoshikika, inaitwa M. Mi kazi zangu nyingi nilikuwa nazifanyia kwenye M kwa sababu draivu, ile inayosoma disketi, nilikuwa naionea huruma, mkanda wake ni wa mpira na mpira na joto la huku hawaelewani, ule wa mwanzo ulishalegea fundi akaweka wa redio kaseti, ukawa unazunguka kwa kudra za Mungu. Sasa ukipiga mitihani ya masomo yote M inajaa, inabidi uanze kuhamisha hamisha kwenda kwenye disketi, na draivu ndo hiyo.

Fundi ndo akaja na habari kwamba kwenye bodi ya Joyce kuna nafasi nane zimeachwa wazi toka kiwandani, ukichomeka chipu nane namba 41256 unapanda mpaka 512. Na chipu zenyewe zimo kwenye makompyuta mabovu, yale ya zamani ya 286, mdogo wake yuko Dar anaweza kuzichomoa. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño, barabara ya kwenda Dar haipitiki, daraja la Rufiji lenyewe limekuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo chipu zikaja na meli. Hela mi sikuwa nayo. Mwenye hela alikuwa mama, ya korosho, na alishaitolea hesabu ya bati.

Basi siku hiyo jioni fundi kafungua mgongo wa Joyce juu ya meza kibarazani, akatuambia huku upande wa kioo mtu asiguse, kuna umeme unabaki mule hata waya ukiwa umechomolewa. Akatoa kopo la Blue Band. Ndani kuna ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kaikunja kunja, na chipu zimechomekwa humo kwa miguu yao. Nyeusi, ndogo, kila moja ina miguu kumi na sita, na kikato kidogo upande wa kichwani ili ujue inakaaje. Nyingine miguu ilikuwa imepinda, akaomba kibanio changu cha nyusi, akawa anainyoosha mmoja mmoja, kashikilia pumzi. Mi namshikia tochi. Zile nafasi nane ziko pale kwenye bodi zimejipanga, zina vumbi la miaka, akazipuliza.

Mama yuko kwenye mkeka anabangua korosho zake, wala haangalii tunachofanya. Ghafla akauliza, "Fundi, hizo ukishaziweka, umeme ukikatika vilivyomo vinabaki?"

"Havibaki mama. Vya M havibaki, ndivyo ilivyotengenezwa."

"Sasa hivi umeme ukikatika huyu anapoteza ngapi?"

"Ikiwa imejaa, mia moja kumi na mbili."

"Na ukishamwekea?"

Fundi akasita, hakuwa anataka kuisema. "Mia tatu sitini na nane."

"Kwa hiyo bati zangu zinanunua hasara kubwa zaidi."

Na kumbukeni umeme wenyewe wa Mtwara enzi hizo, majenereta ya dizeli, gesi ya Mnazi Bay bado iko chini ya ardhi. Fundi naye hakuwa mtu wa kunyamaza, akasema mama, draivu itapumzika, ule mkanda ukikatika katikati ya mitihani hakuna M wala nini, mashine nzima inakuwa stuli. Mama akasema stuli anayo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, hilo ndo lililonichosha, na mi mwenye kazi hakuna aliyeniuliza, nimesimama na tochi tu.

Mwisho mama akanyanyuka kwenda kuswali magharibi, akasema, "Nyie ndo mnaoijua." Mpaka leo sijui ile ilikuwa ruhusa au lawama. Fundi aliichukua kama ruhusa. Akazikandamiza kwa dole gumba, moja moja, kila moja inalia kidogo ikiingia, akageuza vile viswichi pembeni, akafunga. Tukaweka disketi, mistari ya kijani ikaanza kushuka, halafu maneno yakaja: drive M, 368K. Fundi akapiga makofi.

"Imekubali?" mama kwa ndani.

"Imekubali mama!"

"Haya."

Sasa kilichofuata. Yale maneno ya mama yalinikaa kichwani, nikawa kila nikimaliza ukurasa nahamishia kwenye disketi, yaani nafasi ninayo lakini siiamini. Draivu iliyotakiwa ipumzike ikafanya kazi kuliko mwanzo. Umeme ulikatika mara nyingi na sikupoteza cha maana, sasa hapo aliyeniokoa ni chipu au mama? Baadaye kikafunguliwa kiduka karibu na stendi, kina Windows 95 na printa ya leza, wateja wakahamia huko. Wao wanaangalia karatasi ilivyotoka, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza memori. Bati mama alinunua msimu uliofuata, hakusema kitu.

Fundi bado yupo, tukikutana sokoni anasema tatizo hatukumalizia kazi, ile mashine ilitakiwa ipate na draivu ya pili, ile ya kilobaiti 720. Anadai anajua ilipo moja, na bei tutaelewana.