Saa ya kompyuta yangu imepona

Wiki nzima nimehangaika na kompyuta yangu ya mezani. Kila asubuhi nikiiwasha inaniambia ni Januari 2009. Narekebisha saa, nafanya kazi vizuri, jioni nazima na kuchomoa kwenye umeme, kesho yake tumerudi kulekule. Kibaya zaidi, tovuti hazifunguki: kwa tarehe hiyo vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, basi kivinjari kinagoma. Nilikwishaanza kulaumu bando.

Kumbe ni betri! Ile ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, CR2032, volti 3. Ndiyo inayoifanya saa itembee umeme usipokuwepo, na yangu haikuwahi kubadilishwa tangu nilipoinunua mashine.

Jana nikachomoa waya, nikafungua kasha, nikasukuma kishikizo taratibu, betri ikaruka yenyewe. Mpya nikaipachika, upande wa + juu. Kisha nikaingia BIOS, ile programu ya msingi inayoanza kompyuta ikiwashwa, kuweka tarehe, na kwenye mipangilio nikachagua majira ya Nairobi, UTC+3.

Leo asubuhi nimeiwasha moyo ukidunda. Saa mbili na robo, sawasawa na simu yangu. Nimefurahi mno!