Nilimwambia Maji Hayana Neno

Mama yule alikuwa akimwagilia sukuma wiki kwa debe, maji akiyachota katika mtaro unaopita nyuma ya gereji hadi mto Kisat, hapa Kisumu. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimekuja na kitambuzi kidogo cha kupimia majini risasi, yale madini mazito yenye sumu. Ncha yake ilikuwa ya kaboni iliyopakwa utando wa bismuthi, metali isiyo na sumu kali. Zamani walitumia zebaki, sumu kupimia sumu.

Kazi ya kitambuzi hicho hunifurahisha hadi leo. Unaichovya ncha, unaipa volti -1.2 kwa dakika mbili, na risasi iliyoyeyuka inavutwa na kuganda juu yake. Kisha unapandisha volti taratibu. Ikikaribia -0.5, risasi inabanduka, mkondo wa umeme unaruka, na kwenye skrini kunachomoza kilima. Madini yakizidi, kilima kinarefuka.

Siku ile mstari ulilala kama mkeka.

"Vipi, mwanangu?"

"Hayana neno, mama."

Akashukuru, akaendelea kumwagilia.

Jioni, maabarani, msimamizi wangu aliitazama chupa niliyorudi nayo. Tope lilikuwa limetuama chini. "Ulitia asidi?" Sikuwa nimetia. Risasi hung'ang'ania matope na mabaki ya mimea, na iliyong'ang'ania hivyo ncha haiioni. Nikatikisa chupa, nikatia asidi ya nitriki, nikachemsha, nikapunguza makali kwa bafa ya asetati, mchanganyiko unaotuliza asidi, nikapima upya. Kilima kikasimama. Nikaongeza risasi ya kiasi ninachokijua, kikapanda kwenye volti ileile, nikajua sikudanganywa na kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Haya yalikuwa yamepita mbali. Ni kweli hakuna aliyeyanywa. Lakini yalikuwa yakimwagwa kwenye udongo kila siku, na risasi ikishaingia udongoni haiondoki kirahisi.

Alfajiri nikapanda boda. Nilimkuta anafunga mafungu ya kupeleka soko la Kibuye.

"Mama, jana nilikosea. Maji haya yana risasi."

Akaliweka fungu chini. "Na hizi je?"

Nilikuwa nimepima mtaro tu. Sukuma sikuwa nimepima hata jani moja. Nikamwomba anichumie machache, na udongo wa shinani pia, akanifungia vyote kwenye gazeti.