Bomba la Kwenda Dar Si Wamelifukia?

Pauni 165. Ndiyo bili niliyoikuta Ijumaa nikitoka zamu ya usiku, pamoja na picha tatu za kabati nililolitengeneza kwa mikono yangu. Ipigeni wenyewe kwa shilingi, kisha mniambie kama kuna mtu wa Mtwara aliyewahi kulipa hela hiyo kwa kosa la kufunika bomba.

Napanga hapa Leicester, Uingereza, kwenye zile nyumba za zamani zilizobanana ukuta kwa ukuta. Mita ya gesi iko sebuleni, nyuma ya mlango, kubwa kama dumu la lita tano. Kutoka hapo mabomba ya shaba yanatambaa chini ya ukuta hadi jikoni kwenye boila ya kupashia maji na nyumba joto. Miaka miwili niliyazoea. Siku moja mama akayaona kwenye simu ya video: "Mwanangu, hiyo ni nyumba au gereji?" Basi. Nikanunua plaiwudi na misumari, nikajenga sanduku kuanzia mlangoni hadi jikoni, nikapaka rangi nyeupe. Nilijiona fundi kweli. Picha nikamtumia mama, naye akazisambaza kwa mashangazi wote mpaka Newala.

Hapa sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha alete fundi wa gesi aliyesajiliwa kila baada ya miezi 12. Akaja mzee mmoja mpole. Akagonga plaiwudi yangu kama anayebisha hodi, akauliza, "Koki ya kufungia iko wapi?" Nikamwonyesha ukuta mweupe. Hakucheka. Wiki iliyofuata mwenye nyumba akatuma seremala kubomoa, na gharama ikawa yangu.

Hela inaniuma, ila maelezo ya yule mzee niliyashika. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda, tofauti na ya mtungi ambayo ni nzito na inalala sakafuni. Ndani ya sanduku lililozibwa inajikusanya kimya kimya, na ile harufu, ambayo inatiwa makusudi kwa sababu gesi yenyewe hainuki, inachelewa kukufikia. Kwa hiyo ukitaka kuficha, weka matundu juu na chini, mlango uwe wa kufunguka bila bisibisi, na koki ifikiwe hata na mtoto aliyeachwa nyumbani. Mita yenyewe usiiguse, si yako, wala si ya mwenye nyumba. Alinichorea yote nyuma ya bahasha, bure. Katika nchi ambayo hata kuegesha gari mbele ya hospitali unalipia, sikutegemea.

Mnaojiandaa kuja, kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ombeni cheti cha ukaguzi wa gesi, na msipigilie hata msumari mmoja bila ruhusa ya maandishi. Harufu ya gesi ukiisikia, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje ndipo upige 0800 111 999. Haya, niendelee na yangu.

Maana balaa halikuishia Leicester. Mwaka huu nyumba ya mama pale Mtwara mjini imeunganishwa gesi ya bomba. Mwaka huu! Mimi 2013 nilikuwepo. Waliokuwa Mtwara wanajua Mei ile ya ghasia za gesi ilivyokuwa, sisimulii. Tulisema gesi haitoki. Ikatoka. Bomba la inchi 36 likaenda Dar es Salaam, karibu kilomita 500, likazinduliwa 2015, na mama akabaki na mkaa wake. Baadaye akapata mtungi, ambao gesi yake inakuja kwa meli kutoka ng'ambo, wakati Msimbati, kwenye visima vya gesi yetu, ipo pale pale ukitupa jiwe. Sasa bomba limefika jikoni kwake, bomba tulilolililia, na yeye anataka lisionekane. Analotaka ni "kama la Leicester".

Nikampigia mbio. Fundi ameshachimba mfereji ukutani, anasubiri saruji ikorogwe.

"Mama, msimamishe. Lisifukiwe."

"Kwani bomba la kwenda Dar si wamelifukia?"

Nilikosa jibu kwa muda. Nikamwambia lile limevikwa gamba la kuzuia kutu, limewekewa alama njia nzima, na kuna watu wanaolipwa kulichunga. Lako litachungwa na nani ndani ya saruji? Bomba lisilokingwa linaweza kulika polepole ndani ya saruji, na siku likitoboka huoni kitu. Akanyamaza. Kisha akasema mimi nimezoea kuishi gereji, ndiyo maana.

Jioni akanitumia picha. Bomba liko wazi, kalitundikia kanga iliyoandikwa "Siri ya mtungi aijuaye kata". Hatua moja kutoka kwenye jiko linalowaka! Nikapiga tena.

Tumekubaliana mlango wa mbao wenye luva za kupitisha hewa, wa kuvuta kwa mkono, na ile bahasha ya mzee nimeipiga picha nikamtumia fundi. Hela ya mbao na bawaba imekwenda leo. Saruji nilimwambia mama airudishe dukani, anasema mfuko umeshafunguliwa, atajengea jiko la mkaa uani, maana maharage ya kwenye gesi hayana ladha.