Kampuni 14 ndani ya gmail

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Barabara ya Nkrumah, Mombasa, na ngazi zake ukizipanda mchana wa Februari unafika juu umelowa. Sisi ni mawakala wa forodha. Tuko watatu: Mzee mwenye kazi, mimi wa hesabu na barua, na kijana wa kukimbia bandarini. Miaka yote wateja wetu wamekaa pahali patatu: kwenye daftari jeusi la Mzee, kwenye simu yangu, na kichwani mwa Mzee. Hapo pa tatu ndipo penye habari nyingi zaidi, na Mzee ametimiza miaka 71.

Kwa ajili hiyo tulinunua mfumo wa kutunza wateja, hiyo waitayo CRM. Kila mteja ana nafasi tisa za kujaza. Nilijaza jioni kwa jioni hadi mteja wa 60, Ramadhani ikaingia, nikaacha, na baada ya Idi sikurudi tena.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta hapo Chuo Kikuu cha Kiufundi, Tudor. Alipokuja likizo akaniona nahangaika, akasema, "Shangazi, hii si kazi ya mtu. Ngoja nikuundie ajenti." Nikamwambia ofisi hii imejaa mawakala tayari, mmoja zaidi atakaa wapi?

Alivyonieleza ni hivi, na mfano wa dirisha ni wangu. Ajenti huyo ni programu ya akili unde, na haiingii yenyewe kwenye mfumo. Imekaa nje kama mtu aliyepanga foleni posta: anajaza fomu, anaipitisha dirishani, na aliye ndani ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Fomu hizo ndizo zinazoitwa zana. Yeye alizitengeneza mbili, akazipa majina ya Kiswahili, jambo lililonifurahisha: *tafuta_kampuni* na *unda_kampuni*. Ajenti anasoma barua pepe ya mteja, anatafuta kwanza kama kampuni imo, na kama haimo anaiunda. Ikiwa imo, anaongeza tu zile habari mpya.

Usiku mmoja tukampa barua pepe za miezi mitatu. Asubuhi nikaja na mahamri yangu, nikafungua laptopu. Nilitarajia kampuni 80 hivi. Zilikuwa 31. Na mojawapo, ya muuza leso mmoja wa Biashara Street, ilikuwa na namba za simu 14, mara inaagiza vitambaa, mara vipuri vya pikipiki, mara vigae vya bafu.

Kilichotokea ni kwamba zana ya kutafuta ilitambua kampuni kwa domeni, yaani kile kinachofuata alama ya @. Kwa wenzetu wa ng'ambo ni sawa kabisa, kampuni na tovuti yake, tovuti na anwani zake. Hapa Mombasa mtu anaingiza kontena tatu kwa mwezi na anwani yake ni ya gmail, aliyoifungua siku alipopata simu. Wa zamani kidogo wana yahoo. Basi wa kwanza kuingia akawa ndiye mwenye gmail.com, na wengine 13 wakamfuata tumboni kama samaki wa chambo.

Mpwa wangu akazikataza domeni za bure. Tukatoka kwenye moto tukaingia kwenye moshi: sasa kampuni moja ikawa inazaliwa mara tatu. Tuseme inaitwa Bahari Njema, jina nimelitunga. Ikaingia Bahari Njema, ikaingia Bahari Njema Ltd, ikaingia Bahari Njema Traders, zote duka lilelile la Kongowea. Lililonichekesha zaidi ni pale mfumo ulipokataa jina linalofanana herufi kwa herufi. Ulirudisha kosa namba 409, maana yake kitu hiki kipo tayari. Ajenti, kwa bidii yake, akaandika "Bahari Njema 2", akapita. Mzee alipoonyeshwa akasema, "Huyu namjua. Ni kama karani wetu wa kwanza. Ukimwambia faili ipo, anafungua nyingine pembeni."

Dawa niliitoa mimi, niacheni nijisifu. Tamko la forodha halijazwi bila PIN ya mwagizaji, yaani namba yake ya mlipakodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa hivyo faili zetu zote zinayo. PIN ina herufi na tarakimu 11. Ya kampuni inaanza na P, ya mtu binafsi inaanza na A. Mpwa wangu akaibadilisha zana: tafuta kwa PIN kwanza, kwa simu pili, kwa jina mwisho. Tena kukawa na kona, kwa sababu wapo wenye majina mawili ya biashara chini ya PIN moja ya A, duka la Marikiti na stoo ya Changamwe. Hao tukawaachia rekodi moja yenye majina mawili.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi. Kwenye fomu tulilazimisha nafasi ya idadi ya wafanyakazi. Kila kampuni ikapata jibu: 10, 25, 50. Nani kamwambia? Hakuna barua hata moja iliyotaja. Ukimlazimisha ajenti kujaza nafasi, atajaza. Tukaiondoa lazima hiyo, na katika maelezo ya zana tukaandika: kama haikutajwa, acha wazi. Sasa nusu ya nafasi ziko wazi nami nalala.

Tukaongeza na kituo cha mwisho: hakuna kinachoandikwa kabla mimi sijabonyeza "kubali". Wateja wengine kampuni zao ni wao wenyewe, jina na simu ya nyumbani, na sheria ya kulinda data ya 2019 ipo. Asubuhi napitia orodha na kahawa, Mzee kakaa kando na daftari lake. Humo hakuna PIN. Ameandika "wa duka la pili kutoka msikitini", "yule wa mchele, mkwewe Lamu". Hajakosea mtu hata mara moja.

Wiki iliyopita ajenti aliuliza kama rekodi mbili za vifaa vya ujenzi ziunganishwe. PIN moja, jina moja, anwani ya barua moja. Nilikuwa kidole kiko juu ya "kubali".

"Subiri, binti," Mzee akasema. "Hiyo ni kampuni ya marehemu baba yao. Ndugu wamegawana duka, hawasemezani tangu arubaini. Mmoja akipata ankara ya mwenziwe tutawapoteza wote wawili."

Nikamuuliza mpwa wangu kama kuna nafasi ya kuandika hilo. Akafikiri, akasema ataona. Kwa sasa nabonyeza "baadaye", na kila asubuhi ajenti ananiuliza upya.