Kidonge cha saa moja jioni

Nameza kidonge changu cha kudhibiti virusi vya Ukimwi saa moja jioni, taarifa ya habari ya Kiswahili ikianza. Zamani nilikificha ndani ya mkebe wa majani chai. Siku hizi chupa inakaa kando ya jiko, na binti yangu ndiye huniuliza, "Mama, umemeza?"

Virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo, na vikibaki hivyo siwezi kumwambukiza mume wangu tukilala pamoja. Siku niliyoelezwa hayo, nililia ndani ya matatu kutoka mjini hadi Kayole.

Lakini mwili si virusi tu. Uzito ulipanda, usingizi ukapotea. Sasa nikitoka soko la Gikomba nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani, natembea, napitia kwa mama mboga kuchukua sukuma wiki na omena.

Na hili nawasihi: kama unatumia dolutegravir, dawa ya virusi hivi, usimeze ovyo pamoja nayo vidonge vya madini ya chuma, kalisiamu au dawa ya kiungulia. Vinaizuia kuingia vizuri mwilini. Uliza kliniki mpangilio wa saa. Mimi nilichanganya miezi miwili, hakuna aliyeniambia.

Usingizi umerudi, taratibu.