Ukoko wa Jibini Mjini Geneva

Nimerejea sasa hivi kutoka Café du Soleil, mkahawa wa siku nyingi katika mtaa wa Petit-Saconnex, Geneva, unaosifika kwa fondue yake, yaani jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate.

Tuliagiza ile ya nusu kwa nusu: jibini ya Gruyère na Vacherin ya Fribourg, zilizoyeyushwa pamoja kwa mvinyo mweupe na kitunguu saumu ndani ya chungu kizito, kisha zikaletwa mezani zikitokota taratibu juu ya moto mdogo. Kila mmoja hudunga kipande cha mkate kwa uma mrefu na kukichovya.

Chungu kilipokaribia kwisha, mhudumu alikuja akakwangua kwa subira utando wa kahawia ulioshika chini, akatugawia.

Waswisi wanaozungumza Kifaransa huuita "religieuse", yaani mtawa.

Hapo nikalikumbuka jiko la bibi, Tanga, tulipokuwa tukigombea ukoko wa wali wa nazi. Ladha ni tofauti kabisa, lakini mlio wa chuma kikikwangua chungu ni uleule, na machozi yalinilengalenga.

Ndugu zangu, kwenu ukoko alikuwa akipewa nani?